Harufu ya mtu haifutiki: mwindaji wa Walikale aliyekimbilia Goma na mwanawe aliye Marekani

Goma – Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu saa moja ya usiku, siku ya jumapili, katika mtaa wa Ndosho. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ya mbao, kando ya makala anayouza kwa kopo. Binti yake akaongeza sauti ili asikie vizuri.

"Papa, ile nyama imenisikia tena," mwanaume alisema kutoka ng'ambo. "Nimeoga, nimefua nguo, nimepuliza dawa yao yote. Bado imesikia harufu yangu, imekimbia."

Mzee alicheka kidogo, akaomba arudishiwe ule ujumbe. Kisha akauliza swali moja tu, binti akamrekodi: "Upepo ulikuwa unaenda wapi?"

Hakukuwa na jibu usiku ule. Mwanawe hakuwa amejua upepo ulikuwa unaenda wapi.

Mzee huyu ana zaidi ya miaka 70. Kwao ni wilayani Walikale, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, upande wa mto Lowa, ambako msitu huanza nyuma ya nyumba. Tangu ujana wake aliwinda kwa nyavu na kwa mbwa, wale mbwa wadogo wasiobweka sana ambao huvalishwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue walipo. Leo hana mbwa, hana wavu, na msitu uko mbali. Vita vilimtoa kwao, akafika Goma na mfuko mmoja, na sasa anaishi kwa binti yake juu ya mawe meusi ya volkano. Majirani wanamfahamu kama mzee wa makala.

Mwanawe wa kwanza aliondoka Kongo mwaka 2012 akiwa na miaka 17. Alipita Uganda, akakaa miaka katika kambi ya Nakivale, kisha akapelekwa Marekani pamoja na wakimbizi wengine. Anaishi Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, mji wenye Wakongo wengi, wenye makanisa ambayo huimba kwa Kiswahili kila jumapili. Anafanya kazi ya usiku kiwandani. Kwa miaka mingi mazungumzo yake na baba yake yalikuwa yale ambayo familia nyingi zilizohama zinayafahamu: umeamkaje, watoto wanaendeleaje, franga zimefika ao hazijafika. Baada ya hapo, kimya. Mzee anasema ilifika wakati aliona haya kupokea simu, kwa sababu kila mara ilikuwa yeye wa kuomba.

Ni kulungu aliyebadilisha hayo.

Mnyama anayewindwa kule si mboloko wa Walikale. Mboloko mkubwa hazidi sana kilo 5, mtu hurudi naye begani akiimba. Wasemaji wa Kiswahili walio kule wanamwita huyo wa kwao kulungu, lakini si kulungu wa Afrika. Dume huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, na anaweza kupita kilo 90. Chini ya mkia ni mweupe kabisa. Akishtuka anakanyaga chini kwa mguu wa mbele, anapuliza pua kwa kishindo, anainua ule mkia kama kitambaa cheupe, na wengine wote wanakimbia naye.

Michigan ina utaratibu wake. Aliyezaliwa tangu mwaka 1960 ni lazima kwanza asome mafunzo ya usalama wa uwindaji ao aende akifuatana na mtu mzima anayekubaliwa na sheria. Mtu ananunua kibali, na akiua ana masaa 72 ya kutoa ripoti kwa serikali. Wawindaji wa bunduki wanaanza tarehe 15 Novemba, na siku hiyo kwa watu wengi ni kama sikukuu. Wa upinde wanaanza mapema, tarehe 1 Oktoba.

Mwenzake wa kiwandani, mzee mzungu anayekaribia kustaafu, ndiye aliyemwalika. Alitaka kumwazima bunduki. Kijana alikataa. Alimweleza tu kwamba hapendi kelele. Ukweli aliuambia binti wa Ndosho, dada yake: mwaka wa kwanza alipita kwa gari karibu na msitu siku ya tarehe 15 Novemba, akasikia risasi asubuhi, upande huu na upande ule, akaegesha gari kando ya barabara mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Akaamua kwamba kama atawinda, atawinda kwa upinde.

Lakini upinde una deni lake. Mwenye bunduki anaweza kupiga mnyama aliye mbali, ambaye hajajua kama kuna mtu. Mwenye upinde anahitaji mnyama aje karibu, hatua 20 ao 25. Kwa umbali huo jicho la kulungu si tatizo kubwa kama mtu ametulia. Sikio si tatizo kubwa kama mtu hatikisiki. Pua ndiyo tatizo.

Msimu wa kwanza alifanya yote ambayo wawindaji wa kule wanafanya. Aliosha nguo kwa sabuni isiyo na manukato. Alizianika nje, akazifungia ndani ya sanduku la plastiki pamoja na majani makavu ya msituni, ili zisishike harufu ya sombe na mafuta ya jikoni. Alioga kwa sabuni ileile kabla ya mapambazuko. Alinunua bote za mpira, kwa sababu ngozi na kitambaa huachia harufu ya mguu kwenye nyasi. Alijifunza kutosimama kwenye kituo cha esanse akiwa amevaa bote hizo. Aliacha kahawa ya asubuhi. Alinunua chupa ya dawa ya kupuliza, na wenzake walimwonyesha hata mavazi yenye unga wa makaa ndani yake, yanayouzwa ghali ili kuzuia harufu.

Kisha alipanda kwenye kiti cha juu ya mti, karibu mita 6 kutoka chini, akiwa amejifunga mkanda wa usalama. Mzee aliposikia habari ya kiti hicho aliuliza kama mwanawe amekuwa nyani.

Mara tatu kulungu walikuja. Mara tatu walisimama mbali kidogo, jike mkubwa akanyanyua pua, akakanyaga chini, akapuliza. Mkia mweupe, na basi.

"Nimemaliza franga kwa kununua usafi," kijana alisema katika ujumbe mwingine. "Kumbe bado nanuka."

Jibu la mzee lilichukua siku mbili, maana mega zilikuwa zimeisha kwenye simu ya binti. Lilikuwa refu, dakika karibu 6, na majirani walilisikia lote kwa sababu mzee huongea na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Alisema mtu hawezi kuacha kunuka. Unaoga, ukifika kwenye mti umekwisha kutoa jasho. Unafunika mwili, pumzi inatoka. Unafunga mdomo, nywele zinabaki. Kuoga ni vizuri, kufua ni vizuri, kwa sababu harufu ikiwa ndogo mnyama anadhani uko mbali, ao ulipita jana. Lakini usijidanganye kwamba umekuwa jiwe. "Harufu yako ni kama kivuli chako," alisema. "Huwezi kukiacha nyumbani. Unachoweza ni kujua kimelala upande gani."

Wazee wa msitu na wataalamu wa maabara wanakubaliana hapo. Ngozi ya mtu inapukutisha chembe ndogo saa zote, na bakteria wanaoishi juu yake hawapumziki. Mara tu jasho linapotoka wanaanza kazi yao, na ndiyo inayonuka. Watafiti wa Marekani waliwahi kujaribu yale mavazi ya makaa kwa kutumia mbwa waliofundishwa kutafuta watu. Mbwa waliwapata karibu wote waliojificha ndani yake. Kulungu naye ameishi na pua yake kwa maelfu ya miaka akikwepa mbwa-mwitu.

Kisha mzee akafundisha. Kwanza, upepo. Porini kwao alibeba majivu kidogo ndani ya kitambaa, akayadondosha kila baada ya mwendo, akaangalia yanaelekea wapi. Mnyama akiwa mbele, majivu yarudi kwako. Yakienda mbele, rudi nyumbani ukalime.

Pili, asubuhi na jioni si sawa. Mtu wa milimani anajua. Usiku na alfajiri hewa baridi ni nzito, inateremka kwenye bonde kama maji. Jua likipasha mteremko, hewa inageuka, inapanda. Jioni jua likizama inateremka tena. Kwa hiyo mahali pazuri pa asubuhi panaweza kukusaliti jioni, hata kama hakuna jani linalotikisika.

Tatu, njia ya kuingia. Mwindaji mgeni anafikiria pale atakapokaa tu. Lakini alipita wapi kufika pale? Kama alikata njia ya wanyama, alishika matawi kwa mikono, alivuka nyasi ndefu, amekwisha kuandika jina lake. Pita majini ikiwezekana. Usiguse. Usitembee haraka, kwa sababu anayekimbia anatoa jasho. Beba koti mkononi, livae ukifika.

Nne, moshi. Hapo kijana alikuwa ameuliza kama afukize nguo zake kwenye moshi kama baba yake alivyofanya. Mzee alikataa. Walikale moshi ni wa kila shamba, mnyama amezaliwa akiusikia, haumwambii kitu. "Huko kwenu mnapikia umeme," alisema. "Moshi wako utakuwa ni mgeni kama wewe."

Kijana alipeleka mafundisho hayo kwa yule mzee mzungu, na ilikuwa zamu ya Walikale kujifunza. Mzungu hakutumia majivu. Alikuwa na pamba laini inayotoka ndani ya maganda ya gugu moja la kule, nyepesi kupita pamba ya kawaida. Ukiiachia, haianguki. Inaelea, inaenda hatua 50, inazunguka nyuma ya mti, inashuka, na wewe unaifuata kwa macho. Kijana alirekodi video, akaituma. Mzee aliitazama mara nyingi. Alikiri kwamba majivu humwonyesha mtu upepo wa puani pake tu, lakini hii inamwonyesha safari yote. "Tungekuwa na hii," alisema, kisha hakumalizia.

Mchana wa mwisho wa msimu ule, kijana alikuwa Allegan, kwenye misitu ya serikali iliyo kusini-magharibi mwa Grand Rapids, ambako mtu yeyote mwenye kibali anaruhusiwa. Alikaa juu ya mteremko unaotazama kijito. Mchana pamba ilipanda nyuma yake, vizuri. Lakini jua lilipokaribia kuzama aliachia nyingine, nayo ikasita, ikageuka, ikaanza kuteremka polepole kati ya miti, moja kwa moja mpaka kwenye njia ya kulungu kule chini.

Akabaki akiiangalia. Anasema hapo hakukumbuka uwindaji. Alikumbuka moto.

Ilikuwa mwaka 2012, katika siku za kukimbia. Familia ililala siku tatu msituni juu ya barabara, na barabarani kulikuwa na watu wenye silaha. Mama alikuwa na ndizi mbichi. Mtoto mdogo, wa miaka 4, alilia kwa njaa tangu mchana. Jioni mama alikusanya kuni kavu zisizotoa moshi mwingi, akawasha kamoto kadogo chini ya mwamba. Baba akaja, akatoa kitambaa chake, akadondosha majivu, akaangalia. Kisha akaumwagia ule moto udongo, akaukanyaga, bila kueleza neno. Mtoto alilia usiku kucha mdomo ukiwa umefunikwa kwa kitenge. Kijana wa miaka 17 aliona baba mwoga, baba anayemnyima mtoto ndizi. Baada ya wiki chache walitengana, na kijana akaenda Uganda na hasira hiyo. Hakuwahi kuisema. Ilikuwa ndani ya kimya cha simu miaka yote.

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na familia nyingine iliyowasha moto usiku ule. Mzee hasemi ni nini kiliwapata. Akiulizwa, anapanga makopo yake ya makala.

Mtoto aliyelia ndiye binti wa Ndosho, mwenye simu. Ni yeye aliyefungua ujumbe uliotoka Allegan usiku ule. Ulikuwa mfupi.

"Papa, leo pamba imeshuka jioni. Nimejua kwa nini ulizima moto."

Mzee aliomba arudishiwe. Akasikiliza, akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Hakujibu siku ile. Binti anasema na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kusikia habari ya moto huo. Njaa yake ya miaka 4 hakuikumbuka, alichokumbuka ni kitenge tu. Asubuhi mzee alimwita arekodi, akasema: "Ukiona imeanza kushuka, shuka na wewe kwenye mti mapema. Usiharibu njia yao. Kesho bado ipo." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo simu ilishika kwa shida: "Ulikuwa mtoto. Ningekueleza."

Tangu hapo nyumba ya mbao ina wageni jioni za jumapili. Vijana wa jirani, nao ni wa kuhama, wa kutoka Masisi, Rutshuru na Walikale, wanakuja kusikia habari za kulungu. Wengine wanacheka kwamba mtu mweusi anapanda mti Marekani kuogopa pua ya mnyama. Mmoja aliuliza kwa nini mzee asiwafundishe kazi hiyo hapa, maana njaa ipo na msitu wa Virunga uko karibu. Mzee alimkatalia mbele ya wote. Virunga ni hifadhi, kuwinda ndani ni marufuku, kama ilivyo Kahuzi-Biega na Maiko, na tangu sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 uwindaji Kongo unahitaji kibali na una misimu yake. Zaidi ya sheria, alisema, siku hizi msituni wako wengine wanaowinda, na hao hawatafuti mboloko. "Mimi nawafundisha upepo," alisema. "Upepo utawasaidia hata kama hamtakamata nyama maishani."

Msimu uliofuata, katika wiki ya pili ya Oktoba, kijana aliingia Allegan kabla ya mapambazuko akipita ndani ya kijito, koti mkononi. Hakutumia dawa ya kupuliza. Ilikuwa imeisha na hakununua nyingine. Alioga, alifua, alivaa bote. Aliachia pamba mara nne kabla ya kuchagua mti, na ule aliokuwa ameupenda tangu mwaka uliopita aliuacha. Kulungu jike alikuja saa mbili ya asubuhi. Alisimama hatua 18, akainua pua kama wale wengine. Hewa ilikuwa inatoka kwake kwenda kwa mwindaji. Hakusikia kitu. Akainama kula majani.

Simu ilipofika Ndosho mzee hakuuliza uzito wala urefu wa mshale. Aliuliza nyama iligawanywaje.

Kijana alijibu kwa utaratibu, kama mtu anayesomewa mtihani. Mguu mmoja wa nyuma ni wa yule mzee mzungu, kwa sababu ndiye aliyemwonyesha msitu. Mguu wa pili ulipikwa kanisani, na bugali na sombe, watu karibu 30 wakala. Mbavu ni za nyumbani. Kidari hakukigawa. Kwao kidari ni cha mzee, na mzee yuko Goma, na nyama haivuki bahari.

Kwa hiyo alitafuta bei ya nyama ya mbuzi sokoni Goma, akatuma franga za kilo mbili, na ujumbe kwamba hizi si za makala, si za dawa, si za kodi. Ni za kidari.

Binti alipika jumapili. Vijana wa jirani walikula pia, kila mmoja kipande. Mzee alikatiwa cha kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu afike Goma, binti anasema, hakusema "wapeni watoto kwanza".

Walikuwa bado wanakula simu ilipolia. Kule ilikuwa mchana, kijana alikuwa ameegesha gari kando ya msitu, ana kibali cha mnyama mwingine.

"Papa, leo upepo unatoka magharibi."

Mzee alipangusa vidole, akaegemea simu.

"Basi kaa mashariki ya njia yao," alisema. "Na usikimbie kufika."